Gloriose na Kope za Wazee

Gloriose hajipaki rangi. Akijipaka anapiga chafya mpaka kamasi zinashuka pamoja na rangi. Anapaka watu wengine. Wanatoka kwenye nyumba yake na macho ya zambarau, ya kijani, ya dhahabu, na yeye anabaki na uso mkavu kama mtu anayeuza mkaa.

Ni Mrundi. Amezaliwa upande wa Makamba, baba yake alilima maharage. Alifika hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, akiwa na miaka kumi na moja, sasa ana ishirini na saba. Nyumba yake na yangu zinagawana ukuta mmoja wa matofali ya udongo. Akikohoa, nasikia. Akicheka, nasikia zaidi.

Mimi ni fundi wa mabati. Sikusoma. Herufi nilifundishwa na mke wangu Régine, kwa mkaa, juu ya bati. Kwa hiyo nitaandika kifupi.

Mwanzoni Gloriose alisuka nywele. Kisha aliona kwenye simu kwamba kuna wanawake wa mbali wanaonunua mkebe mtupu, halafu wanachagua rangi za macho moja moja na kuzipanga wenyewe wanavyotaka. Paleti ya kujipangia. Ule mkebe mtupu peke yake ulikuwa na bei ya mbuzi. Akaja kwangu na simu, akanionyesha picha, akauliza kama bati linaweza kufanya vile. Nikamwambia bati halijawahi kukataa kitu.

Rangi alizipata Lilongwe, kwenye soko la Chilinde. Kuna wauzaji wanaopokea mizigo ya vipodozi, na kila mzigo una paleti zilizovunjika njiani. Nzima wanauza. Unga wa zilizovunjika walikuwa wanamwaga. Gloriose akaanza kuuchukua, kila rangi na mfuko wake. Nyumbani anausaga kwa mgongo wa kijiko, anadondoshea spiriti kidogo, anajaza kwenye kizibo cha soda, anaweka kitambaa juu na kukandamiza kwa kidole gumba. Kesho yake umekauka, umekuwa mgumu kama biskuti.

Kazi yangu ilikuwa mikebe. Kizibo ni chuma, kwa hiyo kinataka sumaku. Sumaku niliipata kwenye mpira wa mlango wa friji bovu. Ule mpira una utepe wa sumaku ndani. Unaukata, unaubandika kwenye sakafu ya mkebe, vizibo vinashika. Hata ukiupindua mkebe juu chini, havianguki. Meno ya vizibo nayapiga nyundo kwanza, yasikate vidole vya watu.

Msichana anakuja, anachagua vyake vinne. Hiki, hiki, hapana, hicho ni cha shangazi, hiki. Anaondoka na paleti yake. Kizibo kikiisha anakirudisha kitupu, anajaziwa. Rangi zina majina, na majina anayatoa Gloriose. Njano inaitwa Kidumu, kwa sababu ya vidumu vya maji. Nyeupe iliyochoka inaitwa Nsima ya Jana, yaani ugali uliolala. Kahawia ni Vumbi la Agosti. Nyekundu inaitwa Mchungaji Amekasirika, na ndiyo inayonunuliwa zaidi wiki ya Pasaka.

Mkebe wa kwanza ulikuwa wa sardini. Niliuosha kwa majivu, Régine akauosha kwa limau, tukauanika siku tatu. Bibi arusi wa kwanza aliingia kanisani na macho ya bluu yanayonuka samaki. Paka alimfuata mpaka benchi la mbele, akakaa hapo, akasikiliza mahubiri yote. Tangu siku ile nakata madebe ya mafuta ya msaada.

Régine alikwenda kwa Gloriose mara ya kwanza kugomba. Wasichana walikuwa wanapiga kelele na mimi nilitaka kulala mchana. Nilimsikia kupitia ukuta akianza vizuri, sauti juu. Kisha kimya. Kisha nikamsikia anasema, "Nipake na mi basi, nione shetani gani iko mule."

Alirudi na kope za kijani. Alikuwa na miaka sitini na minane. Nikamwuliza kama ni ugonjwa. Akanijibu kwamba ugonjwa ni mimi.

Basi akawa anakwenda kila Jumanne na kila Alhamisi, miaka miwili. Wasichana wana kope laini, rangi inakaa popote, hazimfundishi mtu kitu. Za Régine zilikuwa na mikunjo kama bati lililokanyagwa na baiskeli. Gloriose alitaka kujifunza pale. Walikuwa wanagombana saa nzima. Gloriose anamwambia afunge macho, Régine anakataa. "Siwezi kufunga macho mbele ya Murundi mwenye kushika brosi." Maneno hayo niliyasikia mara mbili kwa wiki, kupitia ukuta, mpaka nikawa nayasema naye.

Jumapili alikwenda kanisani na rangi zake. Sylvain, mzee wa kanisa letu, mtu wa Fizi, huko Kongo, kama sisi, alisimama mbele akasema macho ya rangi ni macho ya Yezebeli. Baada ya ibada Régine alimsubiri mlangoni. Akamwuliza kwa heshima zote kama Yezebeli alipaka kijani au bluu, ili yeye asije akakosea. Sylvain akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kutembelea.

Régine alikufa Februari. Kifua. Wamama waliomwosha walimfunga macho, la kushoto likafunguka tena. Wakalifunga, likafunguka. Wakaliacha. Gloriose alikuja na mkebe wake chini ya kitenge. Alikaa karibu naye mpaka jioni, akarudi nao bila kuufungua.

Mwezi wa sita, siku ya Jumanne, kwenye baridi, Gloriose alikuja kwangu. Nilikuwa sifanyi kazi. Madebe yalikuwa yamelala nje yanashika kutu. Hakuniuliza habari, alikuwa anaijua. Akakaa chini, akaniambia jambo lake.

Chilinde kuna mama mwenye saluni, Mmalawi, anaitwa Mayi Tiyamike. Alikuwa mteja wa vizibo. Saluni yake ina viti vitatu, na kile cha dirishani kilikuwa kitupu tangu msichana wake aolewe. Huku kambini Gloriose anawakalisha watu juu ya kidumu kilichopinduliwa, kioo kimeegemea sufuria, na mvua ikianza kazi imekwisha. Kile kiti alikuwa anakiota. Alikiota hata na vumbi lake.

Mayi Tiyamike alimpa mtihani. Mama yake mzazi, ambaye watu wote wanamwita Agogo, yaani bibi, alikuwa anafunga ndoa kanisani huko Likuni, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alikuwa amekaa na mzee wake miaka arobaini na minne, wana wajukuu kumi na tisa, na sasa padri alikuwa amewashika. Agogo apakwe, apendeze, lakini asionekane kama kinyago. Gloriose akiweza, kiti ni chake. Akishindwa, aendelee kuleta vizibo, kiti kitapata mtu mwingine.

"Nataka kope za muzee," Gloriose aliniambia. "Wamama bote banakataa. Banaogopa Sylvain."

"Tafuta."

"Nimetafuta. Njo nimefika hapa."

Nikamwambia mimi ni mwanaume. Akasema kope haziulizi. Nikamwambia niko kwenye matanga. Akasema Mama Divin angekuwa amekwisha kuketi zamani. Mama Divin ndilo jina walilomwita Régine, kwa mtoto wetu wa kwanza.

Nikamfuata, nikaketi kwenye kigoda ambacho Régine alikuwa anakikalia.

Nilifunga macho kabla hajaniomba. Sikutaka kuuona ukuta ule kutoka upande ule. Brosi ilikuwa laini kama sikio la mbuzi mdogo. Nikalala. Tangu Februari nilikuwa silali, nilikuwa nasikiliza ukuta. Pale nililala nimekaa, mdomo wazi, nakoroma, na Gloriose akapaka.

Alipaka siku ile, akapaka Alhamisi, akapaka Jumanne nyingine. Kila mara nalala. Kila mara anasema imetoka safi, kisha ananifuta kwa mafuta na kuniamsha nirudi nyumbani. Mwalimu mzuri kama mimi hakuwahi kumpata. Sikugomba hata mara moja.

Ile Jumanne ya pili Sylvain akanitafuta. Kwetu mfiwa hajipambi. Hanyoi, havai nguo mpya, hajipaki hata mafuta, mpaka siku ambayo wazee wanakaa kwake na kuondoa matanga. Miezi minne ilikuwa imepita, na Sylvain alikuja kunipa siku. Hakunikuta nyumbani. Akafuata mkoromo.

Nilipofungua macho alikuwa amesimama mbele yangu, kofia mkononi. Jicho langu la kulia lilikuwa zambarau tupu, kwa sababu Gloriose alikuwa anajaribu zambarau. La kushoto lilikuwa bado.

"Papa Divin," akasema polepole. "Nani amekupiga?"

"Ni mi," Gloriose akasema. Alikuwa anatafuta kizibo chini ya meza, hakusikia vizuri kimeulizwa nini.

Sylvain akamwangalia. Gloriose ananifikia kifuani. Akaniangalia mimi tena, na niliona ananihurumia kwa kweli. Akauliza nimemkosea nini huyu mtoto.

Gloriose akamweleza. Ikawa mbaya zaidi. Mtu aliyepigwa anaombewa, yamekwisha. Lakini hii Sylvain hakuwa na maombi yake. Alisema nimejiondolea matanga mwenyewe, bila wazee, bila chai, kwa rangi ya zambarau, na kwamba kitu kama hicho hakijaonekana Fizi wala Uvira wala hapa Malawi. Wazee hawatakaa. Nianze tena, mwezi mzima, na kwanza ninawe uso.

Nikamwambia sawa. Sikuwa na haraka.

Alitoka. Akarudi mlangoni. Akauliza ile zambarau inaitwaje. Alisema anauliza ili aweze kuonya watu vizuri.

"Nani Amekupiga," Gloriose akamjibu. Lilikuwa jina jipya. Limebaki hivyo.

Jumamosi tulitoka mapema, karatasi za ruhusa mfukoni. Mimi nilikuwa nakwenda kutafuta mipira ya friji kwa wauza vyuma chakavu wa Chilinde, na nilibeba mkebe mkubwa, kwa sababu Gloriose akiogopa mikono yake inatetemeka, na rangi ikitikiswa inapasuka. Tulipanda kabaza mbili, baiskeli za kubeba watu, mpaka barabara kubwa, halafu basi.

Nyumba ya Mayi Tiyamike ilijaa. Wajukuu walikuwa wamefungwa tai na wote walitaka kuzifungua. Bwana arusi alikuwa uani ananyolewa, analalamikia viatu. Agogo alikuwa chumbani kwenye kiti, nguo nyeupe mpaka miguuni, kope zimeshuka kama pazia lililokatika kamba upande mmoja. Alinipa zikomo nyingi, asante za kwao. Hakuuliza mwanaume anafanya nini mle. Aliona nimebeba mkebe, ikatosha.

Gloriose akamwomba afunge macho. Agogo akafunga, mpole kabisa. Gloriose akaweka Vumbi la Agosti pembeni, Nsima ya Jana katikati, na dhahabu kidogo juu yake. Ilikuwa nzuri. Nilisimama nyuma na niliona ni nzuri. Kisha Agogo akafungua macho.

Rangi ikapotea yote. Ngozi ilishuka ikaimeza. Ilibaki dhahabu peke yake, imejipanga ndani ya mikunjo, mistari mistari, kama mtu aliyelia mafuta ya kupikia.

Mayi Tiyamike akaangalia. Akaangalia saa.

Gloriose akafuta, akapaka tena, safari hii nyingi zaidi. Agogo akafungua. Ikamezwa tena, na sasa kope zilikuwa nyekundu kwa kufutwa. Nje gari likapiga honi. Mayi Tiyamike akasema kwa upole kwamba labda iachwe, mama aende na uso wake, watu wameuzoea. Akasema zikomo. Ilikuwa zikomo ya kumsindikiza mtu mlangoni.

Gloriose akafunga mkebe.

Bati likishakunjwa, pambo linapigwa sehemu inayobaki nje. Ukilipiga ndani ya mkunjo umejipigia mwenyewe, hakuna atakayeliona. Hilo nalijua tangu ujana. Lakini sikulifikiria mpaka nilipoona zile kope zinafungwa na kufunguliwa, na hapo nikasikia zile kelele za kupitia ukuta.

"Gloriose," nikasema. "Mama Divin alikuwa anafunga macho?"

"Hapana. Alikuwa ananikatalia. We unajua."

"Miaka miwili ulimpaka yakiwa wazi."

"Njo vile alinitesa."

"Na rangi ilikuwa inapotea?"

Nilikuwa nakumbuka kijani kile kanisani. Régine alikuwa anaketi benchi la saba, na Sylvain alikiona kutoka mbele.

"Mi nililala," nikamwambia. "Nimekuharibia kazi."

Akafungua mkebe. Akapiga magoti mbele ya Agogo, akamwambia kwa Kichewa chake kibovu kwamba asifunge, amwangalie yeye tu, hapa, puani. Agogo akamwangalia. Gloriose akagusa Vumbi la Agosti juu ya mkunjo, pale ambapo ngozi haishuki. Nukta moja, nyingine, nyingine, kisha akazichanganya kwa kidole. Dhahabu aliiacha, isipokuwa punje kwenye pembe ya ndani, karibu na pua. Agogo akaanza kucheka, kwa sababu walikuwa wanaangaliana karibu mno. Gloriose akamwambia asicheke, na yeye mwenyewe akacheka.

Mimi niligeuka nikaangalia friji ya Mayi Tiyamike kwa muda. Ilikuwa na mpira mzuri sana.

Agogo akapewa kioo. Akafunga jicho moja, akalifungua, akafunga lingine. Macho yalikuwa yake, ila kama mtu ameyanyanyulia pazia. Akasema neno kwa Kichewa, chumba kizima kikacheka. Mayi Tiyamike akatutafsiria: yule mzee wa uani hastahili, lakini twende hivyo hivyo.

Kabla ya kupanda gari Mayi Tiyamike alirudi ndani. Gloriose alikuwa anafuta brosi na hakuinua kichwa.

"Jumatatu," Mayi Tiyamike akamwambia. "Kiti kina mguu unaocheza. Mzee wako akitengeneze."

Nilikitengeneza siku ile ile, kabla hajabadilisha mawazo.

Sasa Gloriose anakwenda mjini kila anapopata ruhusa, na siku nyingine kidumu chake bado kinafanya kazi hapa. Kile kiti cha dirishani wanakitafuta wamama wakubwa, wenye kope kama zangu. Anawakataza kufunga macho. Kuna paleti moja kule, vizibo vinne, haina dhahabu. Inaitwa Mama Divin. Wamama wa Chilinde wanaiomba kwa jina, hawajui ni nani. Mikebe yake naikunja mwenyewe, kona zake nazipiga mara mbili.

Mwezi wangu wa adhabu ulipokwisha, wazee wakaja kukaa kwangu. Asubuhi ile Gloriose alipita kabla yao. Akaweka kigoda mlangoni, kwenye mwanga.

"Keti. Usifunge."

Sikufunga. Alinipaka Vumbi la Agosti kidogo, juu ya mkunjo. Nilimwangalia puani. Ukuta ulikuwa nyuma yake na nao niliuona.

Wazee wakaketi, chai ikamiminwa. Sylvain alikuja na mke wake. Mama yule alikuwa amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, na chini ya kitambaa alikuwa na Nani Amekupiga, macho yote mawili. Hakuna aliyeuliza. Waliomba, wakaimba, wakaondoa matanga kama inavyotakiwa, na wazee, na chai.

Halafu Sylvain akaziangalia kope zangu.

"Papa Divin, naona siku hizi unalala vizuri."

Nikamwambia ndiyo.